Mfereji wa Bwaise na Mwaka Unaokwisha Juni

Salma, na ninyi wenzake mnaosoma uchumi kule Wandegeya, someni polepole. Siku mlipokuja kwangu Kisugu mlipiga kelele wote kwa pamoja mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema serikali ikipanga vizuri kodi zake, matumizi yake na mikopo yake, inaweza kuuongoza uchumi wa nchi nzima. Mwingine akamcheka, akasema hayo ni ya darasani, Uganda kila mtu anajiongoza mwenyewe. Kisha mkanigeukia mimi, eti Haboba ndiye mwamuzi kwa sababu alikaa ofisi ya bajeti mpaka akastaafu. Salma huniita Haboba kama sisi Wanubi tunavyowaita bibi zetu, na ninyi wengine mmeniiga. Nilisingizia swala ya alasiri, na kweli wakati wake ulikuwa umefika, lakini hata baada ya kuswali nilibaki pale pale kwenye mkeka nikimfikiria mwanamke mmoja wa Bwaise na duka lake la vitenge.

Jibu langu ni kwamba inafanya kazi. Nasema hivyo bila furaha yoyote, na nitawaeleza kwa nini.

Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati ya wanaoomba na wanaotoa. Ofisi za serikali zinaleta maombi yao, sisi tunayasoma, tunapunguza, tunapanga, wakubwa wanaamua, bunge linapitisha, halafu fedha zinatolewa kidogo kidogo kwa robo za mwaka. Mwaka wetu unaanza Julai na kwisha Juni. Mkumbuke hilo, maana hadithi yote imekalia hapo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Okello, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye suti moja ya kahawia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Ofisini watu waliongea Kiingereza na Kiganda, lakini yeye na mimi tuliongea Kiswahili, kwa sababu baba zetu wote wawili walikuwa askari, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi. Siku zangu za kwanza nilikuwa mwepesi wa kalamu. Nikipata ombi, nakimbilia kwenye jumla. Mzee Okello alikuwa ananinyang'anya karatasi.

"Rehema, usiulize kwanza pesa ni ngapi," alisema. "Uliza itatumika lini. Watu ya bajeti wanajua kuhesabu. Kalenda ndio inawashinda."

Nilimwona mzee anayezeeka vibaya. Kisha nikaruhusu ombi la miche ya kahawa kwa wilaya moja ya Buganda. Ombi zuri, bei nzuri, kila kitu safi. Fedha zilichelewa, zikafika mwishoni mwa mwaka wetu, na maofisa wa wilaya, wakiogopa zisije zikarudi Hazina, wakainunua miche yote kwa haraka na kuigawa jua likiwa kali, mvua ikiwa imeshakwenda zake. Mzee Okello alinipakia kwenye gari la ofisi tukaenda kuangalia. Tulimkuta mkulima mmoja amekaa kwenye kibaraza chake, mpole kabisa. Nikamuuliza kahawa ya serikali iko wapi.

"Nyabo, kahawa ilikufa siku nyingi," akasema. "Lakini webale nnyo, asante sana, mbuzi yangu ilikula majani."

Mzee Okello hakunigombeza. Alicheka njia nzima mpaka Kampala, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tangu siku hiyo nilibandika kalenda ya mvua ukutani, juu ya meza yangu, na wageni walidhani nina shamba.

Hayo ndiyo mtakayokutana nayo mkiajiriwa, wala hayaandikwi kwenye vitabu vyenu. Ombi lisome kuanzia nyuma, kwa sababu mbele wameandika maneno matamu na nyuma wameficha warsha na posho zake. Ukiona ofisi inaomba mafuta ya jenereta, betri za umeme wa jua na nyongeza ya bili ya umeme, mpigie mkuu wake simu umuulize kwa upole anaogopa nini gizani. Na Juni usipange harusi. Juni ndio mwezi wetu wa wazimu. Fedha ambazo hazijatumika zinarudi Hazina mwaka ukifungwa, na ofisi iliyorudisha inaonekana haikuzihitaji, mwaka ujao inapunguziwa. Kwa hiyo kila mtu ananunua. Niliwahi kwenda kukagua ofisi moja nikakuta mapazia mapya kwenye kila dirisha, na ndani ya stoo mapazia mengine yamefungwa kwenye nailoni, ya Juni iliyopita na ya Juni ya kabla yake. Nikamuuliza mtunza stoo, "Ssebo, mna madirisha mangapi hapa?" Akaniambia, "Hajati, sisi tunangoja serikali itujengee jengo kubwa."

Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Sasa niwaambie habari ya Mama Furaha.

Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mkimbizi, mjane mwenye watoto wanne. Nilimjua akitembeza vitenge mabegani hapa Kisugu, nyumba kwa nyumba. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Kwa Kiganda aliuza, lakini kuongea aliongea nami. Alikuwa na jicho la nguo ambalo sijaona kwa mtu mwingine. Anakutazama mara moja, anavuta kitambaa kimoja tu kati ya vyote, na ndicho hicho. Akakusanya mtaji taratibu mpaka akapanga chumba Bwaise, kwa sababu kodi ya huko ilikuwa ndogo. Mbele duka na cherehani, nyuma ya pazia kitanda cha watoto. Alinialika siku ya kufungua, akanipa soda na kiti kizuri kuliko chake.

Kodi ilikuwa ndogo kwa sababu moja, na mvua ya kwanza ilimwonyesha. Bwaise iko chini, maji ya vilima vyote yanateremkia huko, na mfereji wa mtaa wake ulikuwa mwembamba, umejaa mchanga na plastiki. Maji yaliingia dukani mpaka magotini. Vitenge vya chini vilichujiana rangi vyote.

"Dada Rehema," aliniambia kwenye simu, "maji iliingia mpaka mu kitanda. Batoto niliwapandisha juu ya meza. Weye unatumika ku serikali. Ubaambie."

Nikamwambia nitawaambia. Nilisema bila kuchukua muda wa kufikiri, kama mtu anavyosema inshallah akiwa mlangoni.

Kesho yake nikatafuta, na kumbe wahandisi walikuwa wameshauomba mfereji ule, kuupanua na kuujengea zege, na ombi lilikuwa limelala miaka. Lilikuwa ombi la haki kabisa. Nililishughulikia kama nilivyofundishwa: niliuliza lini. Kiangazi cha Januari na Februari ndicho kizuri kuchimba, kwa hiyo nikapanga fedha zitoke kwenye robo ya pili, ili Desemba ikiisha mkandarasi awe na kila kitu mkononi. Nikabishana, nikapata. Mzee Okello alikuwa ameshafariki wakati ule. Nilitamani aone jinsi mwanafunzi wake alivyoiweka kalenda.

Nilimpigia Mama Furaha nikamwambia mfereji unakuja kabla ya masika. Akafurahi, akaongeza mzigo. Alichukua bando mbili mpya za vitenge kwa mali kauli, akiamini maneno yangu.

Makusanyo ya kodi hayakufika yalipotarajiwa. Hili nalo mlijue: bajeti ni matumaini ya mtu mzima aliyevaa tai. Mnapanga kutumia kwa kuangalia kodi mtakazokusanya, na watu wa Bwaise, na soko la Owino, na barabara zote za nchi hii, wengi hawako kwenye daftari la kodi lolote. Mnawapata kwenye petroli na kwenye simu zao, basi. Mwaka ukiwa mgumu, mfuko unapwaya. Mishahara ikalipwa kwanza, riba za madeni zikalipwa, wanajeshi na polisi wakalipwa, na mfereji ukangoja. Fedha zilitoka Januari ikiyoyoma. Kisha zabuni, kisha mwanasheria, kisha sahihi ya mtu aliyekuwa safarini. Katapila ilifika Bwaise siku moja na mvua ya kwanza ya Machi. Ilichimba asubuhi, mchana ikazama kwenye tope, na watoto wa mtaa wakaigeuza mahali pa kuteleza. Mama Furaha alinitumia picha. Aliandika chini yake, "Dada, gari yenu inaoga."

Masika yale aliokoa bando moja. Nyingine ilikwenda na maji.

Mvua ilikatika mwishoni mwa Mei. Juni ardhi ikawa kavu, safi, mkandarasi yuko tayari, katapila imeshavutwa. Na Juni mwaka wetu unafungwa. Mhandisi alisema hawezi kumaliza, na kulipia kazi ambayo haijafanyika ni kosa la jinai. Alisema kweli. Fedha zikarudi Hazina. Ofisi za mapazia zilikuwa zimeshamaliza zao zote.

Hapa ndipo pananiuma, Salma. Julai tulikaa kikao cha kujipongeza. Pengo kati ya mapato na matumizi, lile mnaloliita nakisi, lilikuwa limetoka dogo kuliko tulivyopanga. Wakubwa walifurahi, wakasema tumeonyesha nidhamu, tukapewa keki. Nikaitazama ile keki. Sehemu ya nidhamu yetu ilikuwa ule mfereji ambao haukuchimbwa. Kwenye hesabu zetu, kitu kilichoshindikana na kitu kilichookolewa vinaonekana sawasawa.

Mwaka uliofuata niliupanga mfereji upya, mapema zaidi, mawe na saruji vinunuliwe kabla. Ungewezekana. Lakini ule ndio mwaka bei zilipopanda. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, petroli, kila kitu. Mlikuwa wadogo, mtawauliza mama zenu. Serikali ikaamua kubana matumizi yake ili fedha zilizo mikononi mwa watu zisizidi vitu vilivyo sokoni. Vitabu vyenu vinasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, na mimi nasema hivyo hivyo. Agizo likaja: punguzeni. Lakini punguzeni wapi? Mshahara wa mwalimu huukati, riba ya deni huikati, mambo ya usalama hata kuyataja huyataji. Kinachobaki ni kile ambacho hakina mtu wa kulalamika ndani ya jengo. Ofisini tulipaita mahali palipo laini. Mifereji, vivuko, matengenezo ya zahanati, visima.

Nilisimama kwenye kikao nikauombea ule mfereji. Nilieleza masika, nikaeleza fedha zilivyorudi mwaka uliotangulia, nikaeleza kwamba huu si mradi mpya, ni ahadi ya pili. Nilisema vizuri, naamini. Kamishna wetu alikuwa mwanamke makini, si mtu wa dharau, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hajati," akasema, "kila mtu kwenye meza hii ana mfereji wake."

Nikawatazama wenzangu. Wa kushoto kwangu alikuwa na majokofu ya chanjo. Wa mbele alikuwa na mabweni ya wasichana, kwao alikozaliwa. Hakuna aliyeinua macho. Tukakata.

Na bei zikashuka! Taratibu, lakini zilishuka, na magazeti yakasifu. Ndiyo maana nawaambia inafanya kazi. Ila niwe mkweli pia: mwaka huo huo mahindi na matoke yalivunwa vizuri, na mafuta ya huko nje yakapungua bei. Sisi tuliposhika usukani, gari lilikuwa linateremka lenyewe kiasi gani? Nimewasikia wataalamu wakibishana hadi wakatoana jasho. Mimi niliyekuwemo sijui. Mkiwa na mtu anayewaambia anajua kwa hakika, mwangalieni viatu, mtaona havijawahi kukanyaga tope.

Mama Furaha alijaribu kujiokoa mwenyewe. Alikwenda benki kuomba mkopo mdogo, ainue sakafu na kuhamishia watoto chumba cha juu kwa jirani. Alikuwa na kikundi cha kumdhamini, alikuwa na mauzo. Wakamkataa kwa upole. Nilikwenda naye mara ya pili, nimevaa vizuri, nikaongea na kijana wa mikopo. Aliniambia bila kuficha kwamba mwaka ule serikali ilikuwa inakopa sana ndani ya nchi, kwa riba nzuri, na serikali haihami chumba usiku kumkimbia mwenye benki. Kwa nini ahangaike na muuza vitenge? Nilikuwa nimetoka ofisini asubuhi ile ile, na juu ya meza yangu palikuwa na karatasi za ukopaji huo. Tulitoka nje, nikamnunulia rolex, ile chapati ya mayai, pale barabarani, akala nusu, nyingine akafunga kwa ajili ya kitinda mimba wake.

"Usisikitike, dada," akaniambia. "Bei ya mafuta imeshuka. Banatuambia ni nyiye mulifanya."

Hakuwa ananisimanga. Alikuwa anashukuru kweli.

Masika yalikuja kwa wakati wake, na safari hii maji yalikaa siku kadhaa. Cherehani iliharibika. Vitenge alivyobaki navyo aliviuza kwa bei ya matambara. Mtoto wa tatu alishikwa na homa ya tumbo, akapona, lakini akiba yote iliishia hospitalini. Mwenye nyumba alimsubiri, kisha akachoka. Mama Furaha aliwapakia watoto kwenye basi akarudi kambi ya wakimbizi ya kusini magharibi, ile ile aliyoiacha akiwa na furushi la nguo na nguvu zake. Nilimsindikiza kituoni. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini kwa kosa gani? Nilifanya kila nilichofundishwa. Nilimkumbatia tu, nikamwekea hela kidogo mkononi, naye akazirudisha mara mbili kabla ya kuzipokea.

Watu wakizeeka husema wangerudi nyuma wangebadilisha jambo fulani. Mimi nimelizungusha jambo hili kila upande na sioni pa kubadilisha kwa mkono wangu, na hiyo ndiyo huzuni yangu. Laiti ningekuwa na kosa, ningetubu nikalala. Kila mmoja wetu alifanya sawa. Waliokusanya kodi, waliochelewesha sahihi kwa kufuata sheria, mhandisi, kamishna, hata yule kijana wa benki. Nchi ilitengemaa. Mmoja wa waliolipia alikuwa mwanamke mwenye cherehani ambaye hakualikwa kwenye kikao chochote.

Kwa hiyo mkikaa kwenye viti vile, bishaneni, kwa sababu ni lazima mtu abishane. Kalenda ya mvua ibandikeni. Mkiambiwa nakisi imepungua, ulizeni imepungua kwa nini. Na msimwahidi mtu mfereji kabla hamjauona una zege.

Mfereji ulijengwa, lakini mimi nilikuwa nimeshastaafu. Ulijengwa kwa mkopo wa nje, ambao ninyi mtaulipa. Nilikwenda kuuona baada ya mvua kubwa. Ni mzuri, jamani, siwezi kusema vingine. Mpana, kuta zimenyooka, maji yanapita kwa kasi bila kumgusa mtu. Mtaa umebadilika. Maduka yana vioo. Kile chumba cha Mama Furaha kina kijana anayetengeneza simu, mchangamfu sana. Nikamuuliza kama maji yanamsumbua.

"Maji?" akashangaa. "Maji gani, Jaja? Hapa shida ni vumbi tu."

Nikamuuliza kodi ya chumba. Alipoitaja nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba arudie.

Jioni nilimpigia Mama Furaha kambini. Mtandao ulikuwa mbaya, alikuwa anatembea akitafuta mahali pa kusimama. Nikamwambia mfereji umejengwa, maji hayaingii tena. Akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Akaniuliza nani yuko kwenye duka lake, nikamwambia. Akauliza analipa ngapi, na hapo nilitaka kudanganya, lakini nikamtajia.

Akacheka, kile kicheko chake cha sokoni.

"Basi dada, usijisumbue roho," akasema. "Hata kama mungejenga mapema, na kodi kubwa ya vile, mi ningetoka tu."

Alikuwa ananibembeleza mimi. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.